Mionzi Haimfundishi Mtu kwa Maumivu

Iko kauli moja ambayo imekwisha kuwa kama kanuni miongoni mwa mafundi wa kinga ya mionzi wanaofanya kazi kwa mkataba katika vinu vya nyuklia vya Marekani, na miongoni mwa wakubwa wanaowaajiri, nayo ni kwamba kazi hufunzwa na kazi, na kwamba mtihani ni mlango tu wa kupitia: fundi aukariri kwa juma moja, aufaulu, ausahau, kisha aingie kinuni akafunzwe na wakongwe. Kwa nguvu ya kauli hiyo mafunzo ya kujitayarishia mtihani yamegeuzwa kuwa biashara ya vijitabu vya maswali na majibu, vinavyopita mkono kwa mkono katika vyumba vya kupanga na maegesho ya magari, na anayetaka kuelezwa kwa nini jibu ni lile wala si jingine huonekana mtu wa kupoteza wakati wa wenziwe. Nadai katika makala haya kwamba kauli hiyo ni batili tangu shina lake. Kwamba yaweza kuwa kweli katika kazi nyingine nyingi, walakini katika kazi hii hasa haiwezi kuwa kweli, kwa sababu iliyomo ndani ya maumbile ya mionzi yenyewe. Na kwamba wanaoieneza, wengi wao kwa nia njema, wanamnyang'anya fundi wa mkataba darasa la pekee alilojaaliwa kulipata.

Msomaji asiyeifahamu kazi hii yafaa aelezwe kwanza watu hawa ni akina nani. Marekani ina vinu vya umeme wa nyuklia vinavyozidi tisini, na kila kimoja, baada ya miezi 18 au 24, huzimwa ili kitiwe fueli mpya na kufanyiwa matengenezo yasiyowezekana kikiwa kinafanya kazi. Katika majuma hayo machache huingia mamia ya watu wa nje, wachomeleaji, wafunga mabomba na wajenzi wa majukwaa, na pamoja nao huingia mafundi wa kinga ya mionzi wa mkataba, ambao wajibu wao ni kupima mionzi kabla ya wenzao kuingia, kuwaambia wasimame wapi na kwa muda gani, na kuwatoa hali inapobadilika. Matengenezo yakiisha hufunga mizigo wakaelekea jimbo jingine. Huo ndio mwendo wao, majira ya machipuko na majira ya kupukutika majani, mwaka baada ya mwaka. Fundi wa kudumu wa kinu ana chumba chake cha darasa, ana mwalimu, na ana ratiba ya kurudishwa masomoni mara kwa mara, mambo ambayo yalitiwa nguvu sana baada ya ajali ya Three Mile Island ya tarehe 28 Machi 1979. Fundi wa mkataba hupewa siku chache za kuonyeshwa njia na kanuni za pale, pamoja na mtihani wa misingi, kisha hupangiwa zamu. Ikiwa pana saa yoyote katika maisha yake ya kazi ambapo atakaa kitako akaifikiri asili ya kazi yake, saa hiyo ni ya kujitayarishia mtihani, ama huo wa misingi anaotakiwa na wenye vinu, ama ule mkubwa wa hiari unaosimamiwa na rejista ya taifa ya mafundi hawa, iliyoundwa mwaka 1976, wenye maswali 150 ya kuchagua jibu, na ambao haukaliwi na mtu asiyetimiza miaka 5 ya kazi.

Sasa nirejee kwenye maumbile, maana hapo ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Ni kweli kwamba kazi humfunza mtu kazi pale ambapo kosa hujitangaza lenyewe. Seremala patasi ikimteleza huiona damu yake papo hapo, na mkono wake haulisahau somo hilo abadan. Ubao aliousawazisha vibaya humwaibisha jioni ile ile mbele ya mwenye nyumba. Tajiriba ni mwalimu kwa sababu ina fimbo na haikawii kuitumia. Mionzi haina rangi, haina harufu, haina sauti wala joto la kuhisika, na katika viwango ambavyo fundi hukutana navyo siku zote haina maumivu. Aliyesimama hatua mbili mbele ya pale alipopaswa kusimama hatoki na alama yoyote, hula chakula chake cha jioni akalala, na madhara, kama yatakuja, yatakuja baada ya miaka mingi kwa sura ya maradhi ambayo hapana tabibu awezaye kuyafungamanisha na bomba fulani la siku fulani. Hata dozi kubwa ya kuunguza ngozi huweza kukawia siku kadhaa kabla ya jeraha kudhihiri. Basi fundi anaweza kulikosea jambo lile lile miaka 20, na kila siku ya miaka hiyo ikamwambia kwamba amepatia. Mazoea ya namna hiyo, yasiyosahihishwa na kitu, hayawi elimu kwa sababu ya urefu wake, na pale ambapo mwili hauwezi kumsahihisha mtu hakuna kilichosalia cha kumsahihisha isipokuwa akili iliyofundishwa, nayo haifundishwi kwa kukariri kwamba jibu la swali la 43 ni herufi ya tatu.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba fundi hategemei hisia, hutegemea kifaa chake, na kifaa hakihitaji falsafa bali jicho la kusoma mshale. Jibu hili lina sura ya busara, na limewaridhisha wengi. Kwa hiyo nataka tulitazame kwa karibu. Kifaa cha mrija wa Geiger kikipelekwa ndani ya mionzi mikali mno huelemewa: mshtuko mmoja wa umeme haujaisha ndani ya mrija ila mwingine umekwisha kufika, hakipati nafasi ya kuhesabu, na kama hakikuundwa kujihadhari na hali hiyo mshale hurudi nyuma, pengine hadi sifuri, mahali ambapo mtu hastahili kusimama hata dakika moja. Kifaa cha chumba cha hewa nacho, kikikutana na mwali mwembamba uliopenya kwenye ufa kati ya mablanketi mawili ya risasi, huusambaza mwali huo katika ujazo wake wote na kuonyesha wastani, ilhali nyama ya mtu iliyo mkabala na ufa hupokea ukali wake wote. Katika hali zote mbili kifaa ni kizima, kimepimwa, kina hati yake ya uhakiki. Aliyepungukiwa ni yule anayekisoma. Jicho lililozoea kusoma mshale miaka mingi halina la kusema hapa, kwa sababu mshale wenyewe ndio unaodanganya, na ni yule tu anayejua jinsi mrija ufanyavyo kazi atakayeutilia shaka.

Tena shaka yenyewe yataka elimu ili iende upande ulio sawa. Katika mji wa Goiânia, nchini Brazil, mwezi wa Septemba 1987, baada ya chanzo cha sesiamu-137 kutolewa kutoka kliniki iliyoachwa na kuvunjwa na watu wasiojua ni kitu gani, mwanafizikia mmoja aliazima kifaa cha kupimia mionzi akakiwasha angali mbali na mahali kilipowekwa chanzo hicho, na mshale ukapiga hadi mwisho kila upande alioelekea. Alidhani kifaa ni kibovu. Lakini hakukitupa akaenda zake. Alirudi akachukua cha pili, na cha pili kilipofanya vile vile alitambua kwamba kibovu si kifaa, akafika kwa wakati wa kuwazuia wazima moto waliokusudia kukitupa chanzo hicho mtoni. Watu 4 walikufa kwa msiba ule, na zaidi ya watu 110,000 walipimwa. Namwuliza mtetezi wa vijitabu: mtu aliyekariri maswali, ambaye katika misimu yake yote hajauona mshale ukifika mwisho, angepata wapi sababu ya kwenda kukitafuta kifaa cha pili?

Nimewahi kukaa darasani na wanafunzi wa mitihani hii ya mafundi, na nataka kuonyesha kitu kimoja nilichokiona zaidi ya mara moja, kwa sababu ndicho kilichonitoa katika ukimya. Swali la kawaida ni hili: kobalti-60 ya kyuri 1 iko katika nukta moja, mionzi yake ni kiasi gani katika umbali wa futi 1, na kiasi gani katika futi 5? Kanuni ya haraka ya mafundi ni kuzidisha 6 kwa idadi ya kyuri na kwa nguvu ya miali. Miali miwili ya kobalti jumla yake ni 2.5 kwa kipimo cha mamilioni ya elektroni-volti, kwa hiyo tunapata rem 15 kwa saa katika futi 1. Na kwa kuwa mionzi ya nukta hupungua kwa mraba wa umbali, 15 hugawanywa kwa 25, likabaki 0.6. Mwenye kijitabu hulijibu kabla mwalimu hajamaliza kusoma. Sasa mwalimu abadilishe neno moja: mahali pa nukta aweke bomba lililonyooka la futi 20, uchafu wa kobalti umetandaa ndani yake sawasawa, na fundi aliye katikati yake amepima rem 15 kwa saa katika futi 1. Mwenye kijitabu hujibu 0.6 tena, kwa uso mkunjufu. Lakini bomba si nukta. Karibu na bomba refu mionzi hupungua kwa umbali wenyewe wala si kwa mraba wake, 15 hugawanywa kwa 5, na jibu kwa makadirio ni rem 3 kwa saa. Tofauti hiyo si ya alama za mtihani. Kadiri ya juu ambayo sheria ya Marekani humruhusu mfanyakazi kwa mwaka mzima ni rem 5, yaani milisiverti 50. Kwa 0.6 angeifikia baada ya saa 8 na dakika 20. Kwa 3 anaifikia baada ya saa 1 na dakika 40. Na kinuni mabomba ni mengi kuliko nukta.

Labda mtu atasema kwamba hakuna anayemweka mchomeleaji chini ya bomba kwa hesabu ya karatasi, kwamba fundi atapima pale pale miguu itakaposimama. Atapima, na ni wajibu wake kupima. Lakini aliyekwisha kuihesabu rem 3 kabla ya kuingia, akakuta kifaa chake kinaonyesha 0.6, atasimama na kujiuliza ni kipi kilichokosewa. Na yule aliyekwenda bila kutazamia chochote ataiandika 0.6 katika karatasi ya upimaji, karatasi hiyo itabandikwa mlangoni, na zamu tatu zitaifanyia kazi. Hesabu ndiyo inayokipa kifaa shahidi wa pili.

Ama hiyo tajiriba wanayoisifu, haya tuipime nayo. Kanuni zinazotumika katika vinu vya huko hudai miaka 2 au 3 ya kazi kabla ya mtu kuitwa fundi mwandamizi, kwa kadiri ya toleo ambalo kinu kimejifunga nalo, na miaka hiyo hukusanywa kwa saa, msimu huu hapa, msimu ule kule. Saa haina jina. Aliyekaa lango la kutokea akiwatazama watu wakiingia mashine ya kukagua uchafu, aliyehesabu mavazi, aliyefuta sakafu, saa zake huingia katika daftari lile lile na za mwenzake aliyewasindikiza watu ndani ya jenereta ya mvuke, na daftari likijaa wote wawili ni waandamizi. Fauka ya hayo, mafunzo ya kinu kimoja huweza kuwa mtego katika kinu cha pili, na fundi wa mkataba ni mtu wa vinu vingi. Katika kinu cha maji yaliyoshindiliwa, mvuke unaokwenda kwenye tabo haukupita katika kiini, na jumba la tabo ni mahali ambapo mtu hutembea pasipo hofu. Aliyekulia huko ana haki ya kuamini kwamba jumba la tabo ni salama, maana hajaona kinyume. Katika kinu cha maji yachemkayo mvuke ule ule uliotoka juu ya fueli ndio uingiao kwenye tabo, umebeba naitrojeni-16, ambayo nusu yake huisha kwa sekunde 7 hivi, lakini maadamu kinu kinawaka huletwa mpya kila sekunde na miali yake ni mikali kupita ile ya kobalti. Kinu kikizimwa, baada ya dakika chache haipo. Mtu aliyelisoma jambo hili akalielewa, akaunganisha sekunde 7 na urefu wa bomba na mwendo wa mvuke, hahitaji kukifanyia kazi kinu cha namna hiyo miaka 10 ili alijue. Asiyelisoma aweza kukifanyia kazi wakati kimezimwa, misimu mingi, asione chochote, na tajiriba yake ikamhakikishia uongo.

Sisemi haya kwa kuwadharau wakongwe. Nimemjua mzee mmoja wa kazi hii ambaye akiingizwa katika chumba cha mabomba huenda moja kwa moja kwenye kiwiko kilicho chini kabisa, na pale kwenye tawi lililozibwa lisilopitisha maji, naye hakosi. Penye ukali ndipo anapokwenda. Alipoulizwa alijua vipi alisema kwamba ndivyo ilivyo. Katika mafunzo ya mtihani, akiwa amekwisha kupita umri ambao watu hupenda kukaa kwenye dawati, alifundishwa kwamba vali zenye nyuso ngumu zina kobalti ya kawaida katika aloi yake, kwamba hukwaruzika kidogo kidogo, na chembe hizo zikachukuliwa na maji hadi ndani ya kiini, zikapigwa na nyutroni zikawa kobalti-60, kisha zikasafiri na maji na kutua kila mahali ambapo mwendo wa maji hupungua, zikakaa hapo huku nusu yake ikipungua kila baada ya miaka 5.27. Tangu siku hiyo mzee huyu aliweza kuuchukua mchoro wa mabomba ya kinu asichowahi kukiona na kuweka kidole mahali penye ukali kabla ya kuvaa viatu. Alichokuwa nacho mkononi kikapanda kichwani, na cha kichwani aliweza kuwapa vijana, jambo ambalo hakuliweza zamani kwa kuwa "ndivyo ilivyo" haifundishiki.

Iko hoja nyingine, nayo ni ya huruma, na hii huniuma kuijibu kwa sababu wenye kuitoa ni watu wema. Husema: hawa ni watu wanaotafuta riziki, wana watoto, walimaliza shule zamani, logarithimu zinawatisha, mpe mwenzako majibu apite, Mungu atamlinda. Wanasahau kwamba fundi wa kinga hajilindi nafsi yake tu. Nyuma yake kuna mchomeleaji aliyejikunja chini ya vali, mikono imeshughulika, uso umefunikwa, ambaye haoni kifaa chochote wala hana wakati wa kukitazama, na amemkabidhi fundi mwili wake. Kumhurumia fundi kwa kumpitisha asichokijua ni kumdhulumu mtu wa tatu ambaye hakuombwa rai.

Na hata fundi mwenyewe hapati faida. Sheria na desturi ya kazi humpa mamlaka ya kuisimamisha kazi yoyote anapoona hatari. Haya ni mamlaka makubwa mikononi mwa mtu mnyonge: hana kazi ya kudumu, jina lake liko katika orodha ya watakaoitwa au wasioitwa msimu ujao, na mbele yake amesimama msimamizi ambaye kila saa ya kinu kuzimwa ni hasara kubwa anayotakiwa kuieleza. Kitakachomwezesha kusema "tokeni" mbele ya macho hayo ni hoja. Akijua kwa nini kipimo kimepanda, akaweza kulieleza jambo kwa hesabu mbili mgongoni mwa karatasi, msimamizi atanung'unika lakini atanyamaza. Akiwa hana ila "naona si vizuri", atashindwa na sauti iliyo juu kuliko yake, naye atajifunza kunyamaza. Nimeona mafundi waliojua kanuni zote kwa moyo wakirudi nyuma katika saa hiyo, wala si kwa woga wa tabia. Walirudi kwa kuwa hawakuwa na neno la pili baada ya la kwanza kukataliwa.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa uchungu wa peke yake. Elimu ya kinga ya mionzi kama fani yenye jina ilizaliwa Chicago katika miaka ya 1942 na 1943, katika maabara za mradi wa bomu la atomiki, ambako wanazuoni waliajiriwa makusudi kuwalinda wale waliofanya kazi na yurani. Sehemu kubwa ya yurani ya mradi huo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika jiwe lililokuwa tajiri kuliko karibu mawe yote yaliyojulikana duniani, na waliolichimba na kulichambua kwa mikono walikuwa watu wa Katanga, nchi ambayo Kiswahili ndicho kiunganishi chake. Katika miaka ile ile, basi, elimu iliandikwa upande mmoja wa safari ya jiwe, na mikono mitupu ikalishika upande wa pili. Mpaka unaogawa wanaojua na wanaogusa haukuanza na mikataba ya leo. Kila mahali ambapo kazi hii hupewa mtu wa kupita, hupatikana sababu ya kumpa kipimo bila kumpa maarifa yake, na sababu hiyo husemwa kwa lugha ya upole, kwamba hatakaa, kwamba hana haja nayo, kwamba kazi itamfunza.

Imebaki hoja ya fedha, nayo nitaijibu kwa ufupi kwa kuwa haina kina. Husemwa kwamba mwajiri wa mkataba hawezi kumlipia masomo mtu ambaye kesho atakwenda kwa mshindani wake. Lakini mwajiri huyo huyo humlipia posho ya chumba na ya chakula, na humlipia nauli ya kuja na kurudi, na hakuna siku aliyodai kwamba vitu hivyo vimwandame fundi hadi kwa mshindani. Kati ya misimu miwili, katika joto la Julai na baridi ya Januari, vinu vingi huwa vinawaka na mafundi wako nyumbani. Majuma mawili ya malipo yakiandikwa ndani ya mkataba, kila kampuni ikichangia kwa kadiri ya watu inaowachukua, darasa litapatikana. Na darasa hilo liwe la kufanya hesabu kwa mkono, la kuchora mchoro wa bomba na kubashiri, la kukifungua kifaa na kukiona kikielemewa mbele ya chanzo, na la mwalimu anayebadilisha neno moja katika kila swali. Wenye mitihani nao wabadilishe tarakimu na sura ya maswali kila mara, ili kijitabu cha mwaka jana kisimsaidie mtu. Anayeona gharama hiyo ni nzito na aiweke kando ya posho na nauli anazozilipa tayari, kisha amwambie mchomeleaji aliye chini ya vali ni fungu gani kati ya hayo matatu alilochagua kulikata, na kwa hoja gani.